Wikendi Isiyo na Twiga

Walisema alikuwa mpole. Mmoja baada ya mwingine, wanawake waliokuja kwenye hitima ya Zuhura nyumbani kwake Mombasa walikaa juu ya mikeka, wakapokea haluwa na vikombe vya kahawa, wakasema marehemu alikuwa mtu mpole, msikivu, asiyejua kuinua sauti. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa jikoni, leso nimejifunga vibaya kichwani kama kawaida yangu, nikawa natafuna haluwa ili nisipate nafasi ya kufungua mdomo. Najua msibani watu husema yanayofariji, na sina ugomvi na waliokuwa wakifarijiana. Lakini mtu akifa kisha akavalishwa tabia ambayo hakuwa nayo, naona kama anazikwa mara ya pili, na maziko hayo ya pili mimi siyakubali. Nilirudi Nairobi na hasira hiyo. Sasa nina nywele nyeupe na magoti yanayolalamika, na hasira ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo bado vinaweza kunikalisha mezani asubuhi nzima. Kwa hiyo nimekaa. Nitasema juu ya mwaka mmoja tu, ule ambao Zuhura alinijia kwa wikendi, na mambo yaliyotupata sisi wawili kwa sababu ya wikendi hiyo.

Mwaka huo nilikuwa sijafikisha miaka ishirini na mitano, nimepanga chumba kimoja Huruma, ghorofa ya juu kabisa, kwenye mojawapo ya zile nyumba zilizosimama karibu karibu hadi ungeweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi kupitia dirishani. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, stovu ya mafuta ya taa mbele ya pazia, na kati yake kiti kimoja cha mgeni. Maji yalipanda ngazi kwa mtungi, mkononi mwangu. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua jirani zangu wamegombana juu ya nini kabla wao wenyewe hawajajua. Mchana nilifanya kazi mjini, kwenye kampuni iliyokuwa ikipeleka wageni kutalii. Nilipokea simu, nilipiga chapa mipango ya safari. Ukutani mwa ofisi kulikuwa na ramani kubwa ya Nairobi iliyochorewa watalii: simba mdogo penye mbuga, twiga mdogo pale twiga wanapolishwa kwa mkono, mnara mdogo penye jengo refu. Upande wa mashariki mchoraji alikuwa amechoka mapema. Ramani ilikomea karibu na stendi ya mabasi ya mbali, na kuanzia hapo paliwekwa tangazo la bia. Nyumba yangu ilikuwa chini ya chupa.

Zuhura nilimjua chuoni Mombasa, tulikosomea mambo ya hoteli na utalii tukilala chumba kimoja. Baada ya chuo alipata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni, nami nikarudi Nairobi, tukaendelea kupigiana simu za ofisini kila mabosi walipotoka. Mwaka huo alikuwa ameposwa. Mwanamume aliitwa Fahmi, mtu wa familia ya Mombasa aliyekulia Nairobi, upande wa juu wenye miti, na alikuwa na duka kubwa la vigae vya sakafu. Wazee walikuwa wamekwisha kuelewana na kilichobaki kilikuwa neno la Zuhura. Iliamuliwa aje Nairobi kwa wikendi, aone mahali atakapoishi, Jumapili mchana ale kwa dada yake Fahmi pamoja na mashangazi, kisha arudi kwao na jibu. Zuhura akasema sawa, ila atalala kwa rafiki yake anayefanya kazi kwenye kampuni ya utalii. Maneno hayo yalisikika vizuri masikioni mwa wakubwa na hakuna aliyeuliza rafiki huyo anaishi mtaa gani.

Fahmi mwenyewe aliuliza, kwa maana alikuwa mtu wa kuuliza. Alikuja ofisini wiki moja kabla. Alikuwa mtanashati, mwenye adabu, na nasema hivyo bila kejeli: alimsalimu mfagiaji kabla ya kunisalimu mimi.

"Wewe ndiye Mwikali," alisema. "Zuhura hana hadithi nyingine ila Mwikali."

"Ndiye mimi."

"Basi nataka umpangie wikendi nzuri. Gari nitalipia, na dereva awe mwangalifu. Jumamosi asubuhi mbuga, halafu twiga, halafu makumbusho. Jioni apande lile jengo refu auone mji. Jumapili mchana awe kwa dada yangu."

Nikawa napiga chapa. Bosi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kama alivyosimama kila mara mteja mwenye gari zuri alipoingia.

"Jambo moja tu," Fahmi akasema, akiinama kidogo ili lisionekane kubwa. "Najua unakaa Eastlands, usinielewe vibaya. Msizunguke naye huko. Si kwa ubaya. Ni vile tu hakuna kitu cha kuona."

"Labda aone matope," bosi akasema, akacheka.

Sikucheka. Niliendelea kuvibonyeza vitufe kana kwamba vimenikosea. Nimefikiria mara nyingi kwa nini neno lile liliniuma kuliko matusi niliyokwisha kuyasikia. Tulishaambiwa sisi ni wezi, sisi ni wachafu, na kwa mambo hayo mtu anaweza kubishana. Lakini kuambiwa kwamba mahali ulipojifunza kutembea, ulipozika, ulipopendwa, hakuna kitu: utaanzia wapi kubisha?

Kesho yake mchana, bosi alipokwenda kula, nikampigia Zuhura. Nilimweleza yote, na mpango wa gari, na jengo refu.

"Rudia hapo kwa Eastlands," akasema. "Asemaje?"

Nikarudia.

"Basi huko huko ndiko nitakako," akasema.

"Zuhura, gari limeshalipiwa."

"Gari na liende likawaone hao twiga. Mimi si gari."

Tukaanza kupanga. Nasema kupanga, lakini yalikuwa mabishano ya wiki nzima. Mimi nilijua kupanga kwa namna moja tu, ile niliyolipwa kuifanya, na mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kikampuni kabisa: Kariokor kidogo, Majengo ya Pumwani kidogo, tupite Kaloleni, tupite Dandora, picha hapa, picha pale, tumerudi. Nilimsomea kwa fahari.

"Wee Mwikali! Wanifanyia programu ya mzungu? Sitaki kupitishwapitishwa mbele za watu. Nataka kula, nataka kununua, nataka kuketi nichoke kuketi. Hebu niambie, wewe Jumamosi asubuhi hufanya nini?"

"Nafua."

"Basi tutafua."

"Hutoki Mombasa kuja kufua, Zuhura."

"Kwani twiga nitakapowaona nitawafanya nini? Tutafua, kisha tutoke."

Nikafuta nusu ya mpango. Yaliyobaki yalikuwa mambo ninayoyafanya mwenyewe: kufua, viatu Kariokor, chakula Majengo, na Jumapili muziki Dandora, ambako Otis, mtoto mkubwa wa Mama Otis, alikuwa na kikundi chake. Mama Otis alikaanga chapati chini ya ngazi za jengo letu, na hakuna aliyepanda wala kushuka bila yeye kujua sababu. Nilipomwambia nina mgeni alishika kiuno kwa mkono wenye unga.

"Mgeni ametoka bahari yote hiyo, wewe unamleta hapa? Si umpeleke Uhuru Park apande boti?"

"Hataki boti, Mama Otis."

"Basi ako na shida." Akageuza chapati. "Anakula madondo? Usimpikie wewe, utatuaibisha."

Na kupitia ukutani, nikiwa nimelala, niliwasikia jirani zangu, mume na mke, wakilijadili jambo hilo hilo. Mume akasema Mwikali analeta mtalii. Mke akauliza, mtalii wa wapi? Wa Mombasa. "Huyo si mtalii," mke akasema. "Huyo ni mtu tu."

Zuhura alifika Ijumaa jioni, akiwa na buibui jeusi, viatu vya kisigino na kikapu cha maembe kizito kuliko yeye. Aliziangalia ngazi zetu kutoka chini hadi zinapoishia. "Mwaishi mbinguni?" akauliza, akavua viatu akavibeba mkononi, akapanda. Kila ghorofa alisimama kupumua na kumsalimu aliyekuwa mlangoni, hivi kwamba tulipofika juu jengo zima lilijua jina lake na hali ya mama yake. Maji yalikuwa yamekatika. Tulishuka tena wote wawili na mitungi, tukapanga foleni, na pale foleni akajifunza kwamba Nairobi "sasa" ni salamu, akaanza kuwaambia watu "sasa" kwa lafudhi ya Pwani, nao wakawa wanamrudishia "fiti" huku wakijizuia kucheka. Mama Otis alileta chapati na madondo, yale maharagwe yake, yeye mwenyewe hadi juu, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi, akasimama hadi mgeni alipoonja. Zuhura akasema madondo yamekosa nazi. Mama Otis akasema nazi ni ya kupaka nywele. Wakapendana papo hapo.

Tulipokuwa tukila, jirani zangu walianza upande wa pili: ameingia, ni mweupe kidogo, amebeba viatu mkononi, sijui ndiyo tabia ya huko. Zuhura akasikiliza akiwa na tonge hewani. Kisha akaugeukia ukuta akasema kwa sauti ya mapokezi ya hoteli, "Salaam aleikum, jirani!" Ukuta ukafa ganzi. Kisha tukasikia kicheko, cha mke kwanza, halafu cha mume.

Asubuhi tulifua. Tulichuchumaa kwenye kibaraza chembamba, beseni katikati yetu, na hapo ndipo aliponiambia habari za Fahmi, kwa sababu mikono ikiwa ndani ya sabuni mdomo hupata ruhusa.

"Simchukii," akasema. "Ana adabu. Mamangu alipolazwa alishuka Mombasa, akaja hospitali kila siku. Lakini kila nikisema jambo, yeye hulichukua, akalitengeneza vizuri kuliko nilivyolisema, kisha akanirudishia. Na watu wote husema, ehe, ndivyo Zuhura alivyotaka kusema."

"Na ndivyo ulivyotaka kusema?"

Alikamua shuka hadi vidole vikawa vyeupe. "Siku nyingine sijui tena. Hiyo ndiyo inayonitisha."

Nikamsaidia kukamua. Nilikuwa nimemwambia dereva wa kampuni tangu jana kwamba mgeni amebadili nia, naye akaniangalia kwa huruma, maana alijua atalazimika kusema. Nilijua pia. Sitaki msomaji afikiri nilikuwa sioni nilichokuwa nikikichezea. Kazi ile ndiyo iliyolipa chumba kile. Lakini kuna hasira fulani ya ujana ambayo si upumbavu, na leo nikiwa mtu mzima bado sijaona sababu ya kuiombea msamaha.

Kariokor ilitupokea kwa harufu ya ngozi na gundi, na nyundo zikigonga tairi kila upande. Visigino vya Zuhura vilikuwa vimekwisha kumshinda. Fundi mmoja alimkanyagisha kipande cha tairi la lori, akauchora mguu wake kwa chaki, akaanza kukata. Zuhura akaanza kupatana naye kabla hata kiatu hakijapata umbo.

"Kaka yangu, tairi hili lishatembea nchi nzima, kisha waniuzia kwa bei ya jipya?"

"Ndiyo maana ni ghali, dada. Linajua njia."

Alicheka hadi akaketi kwenye rundo la mikanda. Alivaa akala zake pale pale, nyeusi, nzito, zenye shanga mbele, na visigino akavitia kwenye kikapu. Kutoka hapo tulitembea hadi Majengo, kati ya zile nyumba za zamani za udongo na mabati zenye vibaraza, ambako mama mmoja aliyeitwa Bi Salama aliuza mahamri na mbaazi mlangoni pake. Zuhura aliagiza. Bi Salama akasimama na upawa mkononi.

"Hebu sema tena."

"Nimesema unitilie mbaazi, mama, usinibanie rojo."

"Ewe mwana, watoka wapi na Kiswahili hicho?"

Hatukuondoka hadi alasiri. Bi Salama alituingiza ndani, chumba chenye kitanda kirefu cha miguu ya kuchongwa na picha za jamaa zilizofifia, akatupa mto wa kuegemea, akaanza kulalamika: juu ya goti lake, juu ya jirani aliyemnyang'anya kibaraza, juu ya mkwe asiyejua kupika samaki. Zuhura alilalamika naye. Watu wa Majengo waliokuwa wakipita waliingia, wakasalimu, wakaulizana nasaba, mmoja akamjua mjomba wa mtu anayemjua Zuhura. Niliishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kibaraza kile, nilikuwa nimekula mlangoni pale mara nyingi, na nilikuwa sijawahi kuingia ndani. Nakumbuka nilimtazama Zuhura amejilaza kwenye mto ule, akala zimepangwa mlangoni, akifanyiana mzaha na watu wasiomjua juu ya vyakula vya bibi zao. Nikasema moyoni, bosi wangu angeipa saa hii jina gani kwenye karatasi yake? Asingekuwa nalo.

Jumapili tulikwenda Dandora mapema, tukikusudia kuondoka kabla ya adhuhuri ili awahi chakula cha dada yake Fahmi. Zuhura alikuwa amenuia kwenda. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye walisema alitoroka. Kikundi cha Otis kilifanya mazoezi kwenye chumba cha mabati kilichobandikwa trei za mayai ukutani, karibu na njia iendayo jalalani. Moshi wa jalala uliingia kooni na kukaa. Nje ya chumba hicho mama mmoja alikuwa akichambua plastiki na kuzitia kwenye magunia kulingana na rangi. Jina lake Nyambura, kama tulivyojua baadaye. Alituona tukija na buibui letu na shanga zetu, akaacha kazi.

"Nyinyi nao mmekuja kutuangalia?"

Nilikuwa natafuta jibu la adabu. Zuhura akanipita.

"Mama, nimekuja kusikiliza muziki, na kiatu kipya kimenitoa malengelenge. Una pa kuketi?"

Nyambura alimtazama mguu. Kisha akalipiga gunia teke likasogea, gunia la chupa za bluu. "Hilo ni laini. La kijani litakuchoma."

Tukaketi. Tulikunywa chai yake ya rangi kwenye vikombe vya bati, naye akatusimulia jinsi wanunuzi wa plastiki wanavyochezea mizani, hadi Otis alipotutokea. "Niaje Mwikali! Na huyu ndiye mgeni wa mathe? Karibu, ingia, hapa ni kwenu." Ndani walikuwa vijana wanne na spika moja iliyopasuka. Walipiga wimbo wao juu ya mwenye nyumba anayekuja na kufuli, maneno ya haraka, Sheng tupu, nikawa namtafsiria Zuhura sikioni hadi akanisukuma, akasema anaelewa, mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Kisha Otis akamwambia na wewe tupe kitu cha kwenu. Zuhura akakataa, akakataa, kisha akasimama juu ya kreti ya soda na kuimba wimbo wa harusi ambao bibi yake alikuwa akiimba wanawake wakigonga pembe za ng'ombe. Vijana waliusikiliza mara moja, mara ya pili spika ikaingia, mara ya tatu Nyambura alikuwa mlangoni akipiga sufuria. Jua lilipita utosini. Mimi nililiona likipita. Nikafungua mdomo kumkumbusha, nikaona uso wake, nikaufunga.

Fahmi alifika katikati ya wimbo. Ofisi ilikuwa imempigia, Huruma alikuwa amemkuta Mama Otis, na Mama Otis, bila kujua, alikuwa amemwelekeza vizuri kabisa. Alisimama mlangoni na kanzu nyeupe ya kuendea chakula. Muziki ukakatika. Aliwasalimu wote, mmoja mmoja, kwa mkono.

"Tunawashukuru sana kwa kumkirimu," akawaambia. "Zuhura amechoka sasa, angependa kupumzika kabla ya chakula."

"Sijachoka," Zuhura akasema kutoka juu ya kreti.

"Anachomaanisha..."

"Fahmi. Sijachoka. Nimechelewa, na hilo ni kosa langu, nitamwomba dadako radhi. Keti unywe chai, kisha twende. Nitakwenda na akala zangu na moshi huu nguoni, na wakiniuliza nilikuwa wapi nitawaambia."

Hapo nilimwona Fahmi akibadilika. Tabasamu lilibaki lakini macho yalikwenda mlangoni, kwenye gari.

"Hutawaambia," akasema polepole.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimewaambia uko mbugani."



"Umewaambia niko mbugani?"

"Ni neno dogo, Zuhura. Nimekulindia heshima yako."

Alishuka kwenye kreti. Alipozungumza hakuinua sauti, lakini kila mtu alisikia. "Na nikishaolewa, siku usiyopenda nilipo, nitakuwa wapi?"

Fahmi aliyatoa macho kwake. Alimgeukia Otis akamwambia azime spika inayounguruma. Otis akamwangalia tu. Fahmi akaniangalia mimi, akawaangalia wale vijana, zile trei za mayai, na adabu yote ikamtoka kama maji kwenye mtungi uliotoboka. "Hawa ndio watu wa kukaa nao? Takataka mlangoni, takataka ndani? Ingia garini kabla sijaaibika zaidi."

"Hapana," Zuhura akasema.

Ni neno fupi. Nilikuwa nimemjua kwa miaka na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo peke yake, bila kulifunga na samahani au labda. Fahmi aliningojea mimi nimshawishi. Nilikwenda nikasimama kando ya Zuhura. "Na wewe," akaniambia, "tutaonana kesho ofisini kwako." Akatoka. Lakini mkokoteni wa Nyambura ulikuwa umesimama nyuma ya gari, umejaa hadi juu, na Nyambura hakuwa na haraka. Alifunga kamba moja, akaifungua, akaifunga tena. Tulimsikia akimwambia, "Ngoja kidogo, kijana, hapa ni kazini." Naye akangoja, na kanzu yake nyeupe, hadi mkokoteni uliposogea.

Nilimpa Zuhura kikombe cha chai. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajipangusa kwa ncha ya buibui. Kisha akamwuliza Otis walikuwa wamefika wapi.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza kwenye basi, nikaenda ofisini nikijua. Bosi alikuwa amekwisha kuondoa vitu vyangu mezani. Aliniambia nimemharibia mteja na jina la kampuni, na akaniuliza, kwa mshangao wa kweli nadhani, nilichokuwa nikitafuta. Nilimwambia nilimpeleka mgeni mahali alipotaka kwenda, na kwamba kwa kampuni ya utalii hiyo ndiyo kazi. Aliniambia nitoke. Nilitoka kwa miguu hadi Huruma, nikilia njiani bila kujificha, maana njia ilikuwa yangu.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu na sitaipamba. Nilikaanga chapati na Mama Otis, na chapati zangu hazikuwahi kuwa duara. Lakini habari ya wikendi ile ilikuwa imeenda Mombasa kabla ya basi, kama umbea unavyokwenda, na mwanamke mmoja aliyefanya kazi na Zuhura hotelini akanipigia simu kupitia duka la jirani, akauliza kama naweza kumpangia naye, wala hataki mbuga. Akaja. Akafuata mwalimu wa Kitui na mkewe, kisha kundi la wauguzi. Niliwafulisha. Niliwaketisha kwa Bi Salama hadi wakachoka kuketi. Sharti lilikuwa moja, na nililitoa kwa Nyambura: hakuna anayekuja kuangalia tu. Ukija, unakula, unabeba maji, unaimba, unataniwa kwenye mazungumzo kama sisi wengine. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya tangu siku hizo hadi magoti yalipogoma, na kampuni kubwa zenye ramani zimekuja kuniuliza ninavyofanya, nami nimewajibu vibaya kwa furaha.

Zuhura alilipa zaidi yangu. Posa ilivunjwa, mjomba wake akakataa kumwitikia salamu mwaka mzima, na kulikuwa na nyumba ambazo hakualikwa tena harusini. Aliolewa baadaye na mpiga rangi wa maboti aliyemchagua mwenyewe, mtu wa maneno machache aliyesubiri daima amalize sentensi yake. Walizeeka vizuri pamoja.

Lakini siku ninayotaka waliokuwa hitimani waijue ni ile ya wiki iliyofuata, aliponipigia kwenye duka la jirani akiwa nyumbani kwao, akinong'ona kwa kuwa simu ilikuwa sebuleni. Walikuwa wamemweka katikati, akaniambia, wazee wote, na mama yake akilia pembeni. Mjomba ndiye aliyezungumza. Alimwambia mtoto wa watu alikuwa amekamilika, ana mali, ana dini, ana adabu, na kila mtu Mombasa anamsifu. Sasa awaeleze, mbele ya wote: huko Nairobi, kwenye wikendi hiyo moja, aliona nini cha kumfanya amkatae?

"Ukawaambia nini?" nikamwuliza.

"Niliwaambia nilimwona yeye."